Boriti ya Kumi na Moja

Ijumaa hiyo, mwisho wa Julai 2004, Bramwel Wakhungu alishindwa kumaliza chai yake. Chai haikuwa na kosa. Nekoye, mke wake, alikuwa amesema jambo dogo tu huku akikunja nguo, jambo ambalo mtu mwingine angelifurahia.

"Mama alinipigia jana. Ati vijana wa Myanga watacheza kamabeka kesho kwa ufunguzi. Leo mchana wanafanya mazoezi huko juu."

"Juu wapi?"

"Si juu kwa ukumbi. Kwani iko ingine?"

Wakhungu aliweka kikombe mezani. Kamabeka si ngoma ya kusimama na kupiga makofi. Mabega hutikisika, ndiyo, na wageni hupenda kupiga picha mabega hayo, lakini fundi wa mbao husikiliza miguu. Vijana arobaini wakitua chini pamoja, sakafu ya mbao huipata habari.

"Si ilikuwa hotuba tu? Wazee waongee, watu wakule, waende?"

"Nyumba ya utamaduni bila ngoma? Wewe nawe." Kisha Nekoye akaacha kukunja nguo, akamtazama vizuri. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna shida," alisema Wakhungu, na ndilo jibu lile lile aliloipa kamati ya jumba hilo la Bungoma wiki saba nyuma.

Tuseme ukweli mapema, maana yeye mwenyewe aliuficha wiki saba: sakafu ya ukumbi ule ililala juu ya boriti kumi na moja, naye alikuwa amepima kumi. Karatasi aliyotia sahihi ilisema kumi na moja.

Hakuwa fundi wa kubahatisha. Alizaliwa Misikhu, akaja Kitale akiwa na miaka kumi na tisa kutafuta kibarua cha kupalilia mahindi, akaishia kushika msumeno katika karakana ya Sukhwinder, Kalasinga mmoja mrefu aliyekuwa ametengeneza paa, ngazi na milango ya maduka mengi ya mji huo. Sukhwinder hakujua kusifu. Ukifanya vizuri alinyamaza. Ukiharibu alikurudishia mbao yako mikononi na kukuambia umpelekee mama yako achemshie chai. Wakhungu alivumilia miaka kumi na mmoja, na mzee alipofariki, vifaa vyake vilibaki kwa Wakhungu. Ukitaka mtu wa kufungua paa la zamani na kulirudisha bila kulitia aibu, kuanzia Kitale hadi Lwakhakha, ulielekezwa kwa Wakhungu.

Ndiyo sababu Mahesh, mwenye jumba, alimtaja kwa kamati. Babu yake Mahesh ndiye aliyejenga lile jumba la Bungoma, karibu na reli, mwaka 1936. Chini palikuwa duka, juu ghala la ngozi, mahindi na simsim. Baadaye likawa stoo ya bia, kisha kanisa dogo, kisha kufuli na popo. Mahesh mwenyewe alikuwa amehamia Kitale zamani, anauza vipuri vya trekta, na alipoona hakuna mtoto wake anayetaka kurudi Bungoma, akakubali wananchi walichukue jumba hilo walifanye nyumba ya utamaduni: chini vyungu, ngao, litungu la nyuzi na vitabu, juu, ukumbi. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mbao za babu yake zishikwe na mtu anayezielewa. "Mpeni Wakhungu," alisema. "Huyu Sukhwinder alimpika."

Mahesh hakujua jambo moja ambalo kamati nzima ililijua. Mwenyekiti wa kamati, Mama Phelista Nakhungu, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyemzaa Nekoye.

Kwa Wabukusu wa rika lao, mwanamume na mama mkwe wake hawachezi karibu. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Na kupanda juu ya nyumba ambayo mama mkwe yumo ndani, ukamkanyaga kichwani hivyo, ni jambo ambalo hata mlevi hulikumbuka. Siku hizi vijana wa mjini wanawakumbatia mama wakwe zao kama timu iliyofunga bao, na hakuna anayekufa. Lakini Wakhungu hakuwa kijana wa mjini, na Mama Phelista, pamoja na masomo yake yote na kiti chake cha mbele katika kanisa la Friends, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya utamaduni. Angeanzaje yeye kuuvunja?

Basi wakatafuta njia. Mukhwana, katibu wa kamati, mtu wa maneno laini na suruali iliyopigwa pasi, alisema, "Mtapishana tu." Wakapishana. Mama Phelista alikuwa na ofisi chini, chumba cha pembeni, na akifika alitundika mwavuli wake mweusi kwenye msumari wa barazani. Wakhungu akiuona mwavuli, anashuka kutoka juu, anahamia ua wa nyuma kupiga randa. Ukiondoka, anapanda tena. Maagizo yalikuja kwa vikaratasi, mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima kama watoto wa paredi: *Fundi, mlango wa nyuma unalia. Fundi, ngazi ya nje iwe na mahali pa kushika.* Siku moja alimwachia orodha ya mbao alizohitaji, ikamrudia imesahihishwa kwa wino mwekundu. Alicheka wiki nzima. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, na alimfahamu mama yule kwa sauti ya upande wa pili wa ukuta, na kwa wino.

Boriti za babu yake Mahesh zilikuwa za mti wa podo kutoka Mlima Elgon, nene, zimevuka kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Sukhwinder alikuwa amemfundisha jinsi ya kuzipima. "Hapana gonga katikati," alikuwa akisema. "Katikati iko zuri siku yote. Gonga hapa, kichwa naingia kwa ukuta." Maana podo huoza pale unyevu unapolala, ndani ya tofali, mahali jicho halifiki. Kwa hiyo Wakhungu alisimama chini ya kila boriti, akagonga ncha zake mbili, akatoboa kwa keekee, akanusa unga uliotoka. Mbili alizikata vichwa na kuziunga upya. Nane zilikuwa nzima kabisa.

Ya kumi na moja ilipita juu ya ofisi.

Ili kuipima ilibidi aingie mle. Mama Phelista akiwepo, haiwezekani. Asipokuwepo, ofisi ilifungwa, kwa sababu ngao na vyungu vya watu vilihifadhiwa humo, na ufunguo alikwenda nao. Ilibidi amwombe ufunguo, aingie mahali penye kiti chake, shali lake, kikombe chake cha chai. Wakhungu alisema ataomba Jumatatu. Jumatatu akasema Alhamisi. Mwezi wa Juni ukafika, Mukhwana akaja na karatasi ya baraza la mji, akaifungua juu ya benchi la kupigia randa. "Boriti zote ziko sawa, fundi?" Mwavuli ulikuwa barazani. Wakhungu akauangalia, akasema hakuna shida, akatia sahihi.

Na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ndiye aliyeiondoa gata ya maji ya mvua iliyotoboka kwenye pembe hiyo ya ofisi mwezi wa Mei. Aliuona ukuta ulivyokuwa umelowa. Kama kuna boriti moja iliyokuwa na sababu ya kuoza, ni ile aliyoiruka.

Alifika Bungoma saa saba na nusu, mfuko wa vifaa begani. Mwavuli ulikuwa umetundikwa. Barabara ya mbele ilikuwa na watu wa hema, watu wa spika na mama mmoja anayebishana na mtu wa soda. Rangi mpya ya jumba ilimeremeta, na jina jipya lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa likingoja kesho. Alimvuta Mukhwana nyuma ya gari la viti.

"Nataka kupima boriti ya ofisi. Leo. Sasa."

"Si ulisema ziko sawa, bana?"

"Nilisema. Hiyo moja sikupima."

Mukhwana akaangalia hema, akaangalia spika, na mtu angedhani anahesabu barua zote za mwaliko alizoandika. "Wacha niongee na Mama," alisema mwishowe.

Wakhungu alisimama kona, mahali asipoonekana, akamsikia Mukhwana akibisha mlango, kisha ile sauti ya Mama Phelista, tulivu, ikiuliza na kujibiwa. Mukhwana akarudi akitabasamu.

"Anasema amesikia. Leo ako na barua za wageni, lakini kesho saa kumi na mbili asubuhi utapata kifunguo kwa msumari. Upime vile unataka kabla hajafika."

Ilikuwa heshima kubwa, lakini vijana wangecheza leo.

"Ulimwambia kuna vijana wanacheza juu leo?"

"Hiyo anajua. Si ni yeye aliwaita?"

"Ulimwambia boriti inaweza kuanguka?"

Mukhwana aliangalia viatu vyake. "Sasa hiyo nitaambiaje mama mzee? Na hujui kama inaanguka. Hujapima." Halafu akakumbuka viti vya kanisa ambavyo havijafika, akaondoka upesi, kama mtu anayetoroka kuku aliyevunjika mguu asije akaambiwa amchinje.

Basi Wakhungu akaamua kuipima kwa nje. Alichukua ngazi ya mbao, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa ofisi, usio na dirisha, akapanda vidato sita. Hata hapo alijali kichwa chake kisizidi usawa wa sakafu ya juu. Alijicheka, lakini hakupanda kidato cha saba. Alikwangua chokaa mpya kati ya tofali mbili, akatia keekee, akaanza kuzungusha.

Haikuhitaji kuzungushwa. Iliingia yenyewe, yote, mpaka kwenye mpini. Alipoivuta, ilitoka na kitu cheusi chenye maji, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Alinusa. Hakukuwa na harufu ya mbao tena.

Akiwa bado juu ya ngazi alisikia vicheko na vishindo upande wa mbele. Vijana wa Myanga walikuwa wamefika. Alishuka akikosa kidato kimoja, akazunguka jumba mbio, lakini ngazi ya nje tayari ilikuwa tupu na mlango wa ukumbi umejaa migongo. Filimbi ikalia juu. Ngoma ikaanza.

"Simameni!" alipiga kelele. "Nyinyi! Simameni!" Mtu wa spika naye alikuwa ameamua ndio wakati wa kujaribu spika. Hakuna aliyegeuka.

Aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha ngazi ile, ngazi aliyoitengeneza mwenyewe, yenye mahali pa kushika. Baadaye alipenda kuwaambia watu kwamba hakupanda kwa sababu ya uzito, kwamba fundi hawezi kuongeza kilo themanini juu ya sakafu mbovu. Ni kweli kwamba fundi hawezi. Lakini si hilo lililomzuia. Mwavuli ulikuwa pale kwenye msumari, mama mkwe wake alikuwa chini ya sakafu hiyo, na mguu ulikataa kwenda juu. Alisimama hivyo, mguu mmoja chini na mwingine juu, pengine kwa muda wa pumzi kumi. Hakuwahi kujisamehe pumzi hizo.

Kisha ndani ya ofisi kitu kikalia, mlio mfupi na mkavu, na akaujua.

Nyuma ya jumba palikuwa na nguzo za mkaratusi zilizobaki kwenye jukwaa la mafundi wa rangi. Alinyakua moja ndefu, akachota kabari mbili na kipande cha ubao, akarudi, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, aliufungua mlango wa ofisi kwa bega.

Mama Phelista alikuwa ameketi nyuma ya meza, kalamu mkononi. Walitazamana. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, mwanamke mwembamba mwenye miwani, na unga wa mbao ulikuwa umemkaa kwenye kitambaa cha kichwa. Kwanza alifanya kile ambacho mikono yake ilizoea: alivuta shali afunike uso. Wakhungu naye akageuza macho ukutani.

"Toka, Mama," aliuambia ukuta. "Boriti imeoza. Toka sasa hivi."

Juu, vijana walitua kwa pamoja. Unga ukamiminika katikati ya barua za wageni.

Mama Phelista aliinuka. Aliangalia juu, akaangalia mlango, akaangalia ile nguzo mikononi mwa Wakhungu. Shali likaanguka mabegani na hakulirudisha.

"Na wale watoto?"

"Nitaegemeza. Toka tu."

"Utaegemeza peke yako? Nguzo itashikwa na nani ukigonga?"

Hakukuwa na mtu. Sakafu ya ofisi ilikuwa ya saruji nyekundu, imepigwa nta kwa ajili ya kesho, laini kama sahani. Nguzo isiposhikwa chini ingeteleza kabla ya kabari kukaza.

Mama Phelista alizunguka meza, akaikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili. "Gonga," alisema.

Wakhungu akasimamisha nguzo chini ya boriti, akatia ubao chini, akatia kabari ya kwanza, akagonga. Uso wake ulikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye viatu vya mama mkwe wake, viatu vyeusi vya mwalimu vilivyofungwa kamba mara mbili. Akagonga ya pili. Boriti ilinguruma, ikapanda kidogo, unywele mmoja, kisha vijana wakatua tena na kabari ikarudi nyuma. Akagonga. Ikarudi. Jasho lilimwingia machoni. Aliogopa hivi kwamba alikuwa akiomba kwa sauti, kwa Kibukusu, na hakujua mpaka aliposikia mtu mwingine akiitikia amina.

Kupitia dirisha walimwona Mukhwana akija na kiti kimoja cha kanisa kila mkono.

"Mukhwana!" Ilikuwa sauti iliyonyamazisha shule nzima kwa miaka thelathini, na haikuhitaji spika. "Weka viti chini. Panda kwa ngazi, usiingie ndani. Simama mlangoni uwaambie waache kucheza. Watoke mmoja mmoja, polepole, wakipitia ukuta wa ile upande ya reli. Na uhesabu."

Mukhwana aliwaona wote wawili mle ndani, mdomo ukabaki wazi.

"Mukhwana, nimesema uhesabu!"

Viti vilianguka. Ngoma ilikatika katikati. Juu kukawa na kimya, kisha miguu, na hiyo miguu ya kutembea polepole ilikuwa mibaya kuliko ngoma, kwa kuwa kila mmoja uliusikia peke yake. Wakhungu alisimama, naye akashika nguzo. Mikono minne sasa, na nguzo katikati ya nyuso mbili. Hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Moja," ilisema sauti ya Mukhwana kutoka ngazini. "Mbili. Pole pole, mama. Tatu."

"Baba Nakhumicha," alisema Mama Phelista, akimwita kwa jina la binti wa kwanza wa Wakhungu. Kabla ya siku hiyo hakuwa ametamka neno lolote mbele yake tangu harusi ya mwaka 1983. "Hii hukupima."

"Sikupima."

"Na ulitia sahihi."

"Nilitia."

"Kumi na moja. Kumi na mbili."

"Kwa nini?"

Alitaka kusema kazi ilikuwa nyingi. Alitaka kusema ufunguo. Boriti ikatoa mlio, na uongo wote ukamtoka kichwani.

"Ulikuwa hapa, Mama. Kila nikija ulikuwa hapa chini yake."

Vidole vya Mama Phelista vilikuwa vimeanza kuteleza kwa uzito, na Wakhungu alisogeza mikono yake chini kidogo ili achukue sehemu kubwa zaidi. Mkono ukagusa mkono. Hakuna aliyeuondoa, kwa sababu hakuna aliyeweza.

"Ishirini na tatu. Wewe acha kucheka, shuka. Ishirini na nne."

"Nitaiambia kamati mwenyewe," alisema Wakhungu. "Leo. Nitawaambia nilidanganya. Wachukue fundi mwingine. Mahesh nitamwambia mimi mwenyewe huko Kitale. Sitatafuta mtu wa kunisemea."

"Nyamaza kwanza."

Mtu mmoja mzito alipita juu yao, na wote wawili waliinamisha vichwa, wakangoja, mpaka hatua ikafika upande wa reli.

"Huu unga," alisema Mama Phelista. Sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa imemwondoka. "Unaanguka kwa meza yangu tangu mwezi wa tano. Kila asubuhi nikifika naupata. Nafuta na kitambaa, naandika barua."

Wakhungu alimtazama usoni, mara ya kwanza kwa kupenda.

"Uliuona?"

"Niliuona. Mara ya kwanza nilichukua karatasi nikuandikie. *Fundi, njoo uangalie ofisini.* Nikafikiria, akija ataingia. Ataona mahali naketi. Nitajificha wapi? Nikaipasua hiyo karatasi." Alikaza mikono kwenye nguzo. "Niliipasua mara tatu, Baba Nakhumicha. Leo Mukhwana alipokuja, nilijua ni nini. Nikasema kesho, nitakuwa sijafika, hatutaonana."

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa."

"Tumeheshimiana," alisema Mama Phelista, "mpaka tukaleta watoto wa watu waruke juu yake."

Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Wakhungu angeweza kusema neno la kumtuliza, na pengine mkwe mwema angelisema. Lakini hasira ilikuwa imempanda, hasira ya kumkasirikia yeye na kujikasirikia mwenyewe kwa kipimo kimoja, na neno la kutuliza lingekuwa uongo mwingine.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Ndivyo tulifanya."

"Arobaini na moja!" alipiga kelele Mukhwana. "Wameisha! Hakuna mtu!"

Nje, vijana walikuwa wakiuliza kuna nini na mtu wa spika hatimaye alikuwa amenyamaza. Wakhungu akagonga kabari zote mbili hadi mwisho, akaijaribu nguzo kwa bega, akamwambia Mama aachilie, kidole kimoja kimoja. Akaachilia. Boriti ilikaa. Ingekaa hivyo saa chache, labda mpaka jioni, ikiwa hakuna atakayepanda.

Walitoka kwa mlango ule ule, yeye mbele, mama mkwe nyuma. Barazani palikuwa na wazee watatu wa kamati waliokuja kuona maandalizi. Walikuwa wamewaona wakitoka. Mzee mmoja alikuwa tayari ameivua kofia yake na kuishika kifuani, kama mtu aliyekuta msiba, na alianza kusema kwa upole kwamba jambo hili lina dawa yake, kwamba atafutwe mbuzi wa kuosha mwiko, watu wa pande zote mbili waitwe, na kwamba kwa kuwa kesho ni sherehe ingefaa ifanyike leo leo.

"Kesho hakuna sherehe," alisema Mama Phelista.

"Mama, wageni wamealikwa."

"Mimi ndiye nilialika. Mimi nitawaambia." Alikuwa bado na unga kichwani. "Mbuzi ataletwa, mzee wangu, na mimi nitatoa wangu. Lakini kwanza ukuta ufunguliwe, boriti itolewe, muione kwa macho yenu vile imeoza. Kisha fundi atawaambia yake, nami nitawaambia yangu. Mkisikia yote mtajua vizuri ni nini tunataka kuosha."

Mzee alimgeukia Wakhungu, akingoja aseme lolote. Vijana wa Myanga walikuwa wamejaa uani, wengine bado na njuga miguuni. Wakhungu alikuwa na miaka arobaini na tisa na alihisi kama yuko mbele ya darasa.

"Nilisema nimepima kumi na moja," alianza. "Nilipima kumi."